Arobaini ya Walio Hai

Marehemu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati, anatafuna muhogo wa kuchoma.

Daktari Mwajabu Kilua alimpita, akaingia ndani, kisha akarudi mlangoni akasimama. Mkono wa kushoto wa mtoto yule ulikuwa na vidole sita. Kile cha sita kilichipuka kando ya kidole cha mwisho, kidogo kama punje ya hindi. Mwajabu alikijua. Kwa mwaka mzima alikuwa amekitazama kila siku ya kazi, kwenye picha aliyoibandika mbele ya meza yake kule Dodoma ili asisahau: Yasini Omari, mtoto wa Msagazi, amefariki baada ya chanjo. Kwa ajili ya mtoto huyo na wenzake, yeye Mwajabu alisimama mbele ya nchi nzima akatangaza kwamba chanjo ya kikaza isimamishwe.

Na huyu hapa, mdomo mweusi kwa masizi ya muhogo.

"Waitwa nani, baba?" akamuuliza.

"Makombo."

Mama yake alitoka ndani kwa haraka, akasimama kati yao. Alikuwa mwanamke kijana, kanga imefungwa kifuani, kichanga cha kike mgongoni. "Shikamoo, daktari. Mbona wamuuliza mtoto?"

"Marahaba, Hidaya." Jina la mama nalo lilikuwa kwenye picha. "Huyu si Yas..."

Hidaya alimziba mdomo. Naam, mke wa mkulima wa Msagazi alinyoosha kiganja akamziba mdomo daktari mkuu wa takwimu wa taifa, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kupimwa malaria. Na hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyeona kwamba amekosa adabu.

"Usilimalize," akasema. "Nakuomba kwa heshima zote. Usilimalize."

Mwajabu hakuhitaji kufafanuliwa, maana kitovu chake kilizikwa Msagazi. Huko mtoto akishikwa na homa ya kutisha, anavuliwa kila alichonacho, anapelekwa jaani alfajiri na kulazwa juu ya maganda na majivu. Jirani anapita, anajifanya ameokota kitu, anamrudisha kwa mama yake na kumwuzia kwa chumvi ya kuonja. Jina linabaki jaani. Mauti yakirudi kulitafuta, hakuna wa kuitika. Mtoto anapewa jina ambalo mwenye akili hawezi kulitamani: Makombo, Mashudu, Majivu. Mwajabu mwenyewe alipita jaani akiwa mdogo. Jina lake la kwanza alilijua kwa kuliiba, siku shangazi yake alipoteleza ulimi, na tangu hapo hakuwahi kulitamka hata bafuni.

"Na njuga yake?" akauliza, ingawa alishaanza kulihisi jibu.

"Ningeiachaje mguuni, na imeandikishwa kwa jina lile? Niliitupa mtoni pamoja na nguo."

*

Njuga ni jina la mtaani. Kwenye nyaraka za serikali ina jina refu ambalo hata aliyelitunga halikumbuki. Ni pete ya mpira inayovishwa kifundoni mwa kila mtoto wa nchi hii, inasikiliza moyo, joto na pumzi, na kila inachosikia inampelekea Mlezi. Mlezi ni mtambo. Anaunganisha watoto wote, na anajua kabla ya daktari yeyote ugonjwa umeamkia wapi na dawa gani imemdhuru nani.

Mlezi alizaliwa na mashaka ya watu. Walikuwa wamechoka kuambiwa, "Chanjo ni salama, tuaminini." Wakasema, basi tuonyesheni. Na Mwajabu alikuwa miongoni mwa walioonyesha. Alizunguka mikoani na spika na picha za ukutani akiwaambia wazazi: msinisikilize mimi, msimsikilize mwanasiasa wala jirani, sikilizeni takwimu. Siku takwimu zikisema sindano ina madhara, nitakuwa wa kwanza kuisimamisha. Watu walipenda sana maneno hayo.

Ila mwanzoni palikuwa na tatizo. Mama aliyefiwa hakuwa na moyo wa kwenda kuripoti, alizika akanyamaza, na Mlezi aliona njuga imekaa kimya akadhani imeharibika. Vifo vikawa vinapotea. Wahandisi wakauliza, tusubiri ukimya wa muda gani ndipo tuhesabu kifo? Mwajabu akasema, arobaini. Siku arobaini zikiisha, wafiwa wameshakunja jamvi. Mtoto angekuwa hai, njuga ingeshaletwa kutengenezwa. Wenzake walimpigia makofi. Ndiyo faida ya kuwa na mtu wa nyumbani mezani, walisema.

Sasa sikiliza balaa lilivyojisuka. Kikaza ni ugonjwa unaokakamaza shingo ya mtoto, na akifika siku ya tatu bila dawa ni wachache wanaorudi. Chanjo yake ni sindano mbili: ya kwanza inauamsha mwili, ya pili ndiyo inayokinga. Ile ya kwanza huwapa baadhi ya watoto homa ya usiku mmoja, homa ya kawaida tu. Kwingine mama anamfuta mwanawe kwa kitambaa cha maji na asubuhi mambo yamekwisha. Msagazi na vilima vyake vyote, wanakwenda jaani. Njuga mtoni. Ukimya. Arobaini. Mlezi akaona sindano, akaona kifo nyuma yake, bonde zima, na akapiga kengele. Hakudanganya. Alihesabu kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni binti wa hapo hapo.

Mwajabu aliketi kwenye benchi la zahanati. Mbele yake alisimama Hoza, nesi wa miaka mingi, ameinamisha kichwa.

"Wewe ndiye uliyewavisha njuga mpya, kaka Hoza?"

"Ndiye. Mama zao walisema ni watoto wahamiaji, wa wakata mkonge. Kanuni inasema mtoto asiye na njuga avishwe, asiulizwe mengi."

"Na ulijua kuwa ni walewale."

"Hapa nani asiyejua? Nilichokuwa sijui ni kwamba huko kwenu mtoto akinyamaza mnamzika." Alifuta miwani kwenye koti. "Na wewe, dada? Si umezaliwa hapo juu, karibu na kanisa? Nilidhani unajua."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Alijua jaa na alijua arobaini, na kwa mwaka mzima hakuwahi kuviweka sahani moja.

Nje, kina mama walikuwa wakiongea kwa sauti za chini juu ya msiba wa kata ya pili. Kikaza kilikuwa kimerudi. Ndicho kilichomleta Mwajabu. Makaburi mafupi yalikuwa yameanza kuonekana huko, na hakuna aliyedai chanjo, kwa sababu wote walikuwa wamesikia redioni kwamba sindano iliua watoto wengi wa bonde. Waliwalilia watoto hao. Hawakujua kwamba ndio wale waliowabeba mgongoni.

*

"Kwa hiyo hawakufa," alisema Mkurugenzi Lutengano. Uso wake, uliorushwa kwa video kutoka Dodoma, ulijaa ukuta wa zahanati, una usingizi wa siku nyingi.

"Hawakufa."

"Na waliokufa kwa kikaza tangu tuisimamishe chanjo?"

"Hao wamekufa kweli, mkurugenzi."

Lutengano hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya mbaya ili hadithi ininyookee. Akauliza, "Unaweza kuthibitisha?"

"Nikiunganisha kumbukumbu mbili za kila mtoto, ya jina la zamani na ya jina jipya. Sheria unaijua."

Aliijua, waliitunga pamoja. Zamani watu walikuwa wakiunganishiwa habari za miili yao bila kuulizwa, wakanyimwa kazi na bima kwa magonjwa ya utotoni. Ndipo ikatungwa sheria: kumbukumbu mbili haziunganishwi mpaka mzazi atamke majina yote mawili mbele ya mashahidi, na ofisa ayarudie kwa sauti, Mlezi akisikia. Ilikuwa sheria nzuri. Haikuwahi kufika Msagazi, ambako jina la kwanza halitamkwi.

"Hawatakubali," akasema Lutengano.

"Nitawaomba."

"Kuna njia fupi. Chanjo ni ileile. Tunabadilisha chupa, tunaipa jina jipya, tunasema imeboreshwa. Hakuna wa kuitwa, hakuna wa kuaibika. Droni zinaruka Jumatatu."

Mwajabu alicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha. "Yaani tuipeleke jaani, tuiokote."

"Sijakuelewa."

"Basi tu. Kumbe ofisini nako wanayajua mambo ya kwetu."

"Mwajabu." Sauti ya Lutengano ilishuka. "Unataka usafi wa jina lako, au uhai wa watoto? Jumatatu."

Lilikuwa swali la haki na lilimwuma. Jumatatu ilikuwa karibu. Ukweli ungehitaji kikao, na kikao kingezaa kikao. Lakini yeye ndiye aliyewaambia watu wasimwamini mtu, waamini hesabu. Kilichomo ndani ya chupa, Mlezi humwambia yeyote anayeuliza. Ingepita miezi michache, mtu mmoja angeuliza, na baada ya hapo hakuna mkono ambao ungenyooshwa kwa sindano yoyote, ya kikaza wala ya pepopunda. Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa wiki moja.

"Nipe wiki," akasema.

"Wiki moja ya kikaza unaijua?"

"Naijua."

*

Kina mama walikuja wakakaa kwenye uwanja wa zahanati, kwenye kivuli cha matangi ya maji. Mama yake Mwajabu naye alikuja, Bi Mwanahawa, mzee aliyenyooka mgongo, akakaa mbele kabisa asikose neno.

Mwajabu aliwaeleza yote. Aliwaambia kosa lilikuwa lake, la arobaini, na kwamba watoto waliotangazwa ndio hawa hawa. Wengine walicheka kwa mshangao. Mama Mashudu, ambaye Mungu hakumpa ulimi wa akiba, akasema, "Mwaka jana ulitwambia sindano yaua. Leo watwambia haiui. Mwakani utatwambia muuaji ni daktari?"

Kicheko kikapita. Mwajabu alikiacha kipite, kisha akaeleza kilichotakiwa: majina yote mawili, kwa sauti.

"Wataka kuwaita," alisema Bi Mwanahawa.

"Mara moja tu, mama. Mara moja, kwa sauti, basi."

"Mauti hayana haja ya kuitiwa mara ya pili."

"Mama, jina haliui. Kikaza ndicho kinachoua, na kipo kata ya pili."

"Mwanangu, nilikulaza kwenye maganda ya ndizi ukiwa huna hata nguvu ya kulia. Usinifundishe kinachoua."

Mwajabu aliwatazama. Aliona hapa takwimu hazina kazi. Kila grafu aliyoijua ilikuwa ndani ya kompyuta yake na hata moja isingemfikisha popote. Akavua viatu, sijui kwa nini, akasimama mchangani.

"Mimi niliitwa Zuhura," akasema.

Bi Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga. Hakulia, alijifunika tu. Mwajabu aliona uchungu ambao hakuutarajia, kama mtu aliyevunja chombo cha mama yake makusudi. Kina mama walimtazama, kama vile wakisubiri aanguke. Hakuanguka.

Hidaya ndiye aliyeinuka. Kichanga kilikuwa kimelala mgongoni. "Ukishamwita, sindano ya pili itakuja?"

"Itakuja."

"Kabla ya kikaza?"

Jibu la kweli lilikuwa sijui. Mwajabu aliyekataa uongo wa Jumatatu, uongo mkubwa wenye chupa na nembo, alimtazama mwanamke huyu mmoja aliyesimama peke yake kati ya wenzake waliokaa, akaona kwamba yeye akisema sijui, Hidaya atarudi kukaa, na akikaa hatasimama mwingine.

"Itawahi," akasema.

Hidaya akayataja majina mawili, la pili kwa sauti na la kwanza kwa mnong'ono. Mlezi hakupokea mnong'ono. Kwa hiyo Mwajabu, kama sheria ilivyomtaka, akalirudia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Yasini Omari." Kando ya matangi, Makombo aliyekuwa akichimba mchanga kwa kijiti aliinua kichwa akatazama. Hidaya aliona. Mwajabu aliona kwamba Hidaya ameona.

Baada ya hapo wakainuka mmoja mmoja, mpaka jua likahama kivuli. Mama Mashudu akawa wa mwisho, na safari hii hakuwa na utani.

*

Makao makuu walipokea ushahidi wakaupongeza. Wakaitisha kikao. Kikao kikataka mtaalamu wa nje auhakiki, mtaalamu akauhakiki, mwanasheria akauliza nani atasaini kukiri kosa, wakazungushiana kalamu. Jumatatu ya Lutengano ilipita. Lutengano mwenyewe hakumlaumu, na Mwajabu alitamani angemlaumu.

Alhamisi Makombo aliamka shingo imekaza.

Hoza alimtia dawa zote zilizokuwepo. Mwajabu alikesha naye, anamkanda, anasoma njuga ambayo safari hii haikuvuliwa. Hidaya hakumpeleka jaani. Alipoulizwa na majirani, alisema, "Na jina gani nitaliacha huko? Yote mawili wanayo." Jumamosi njuga ikanyamaza, na Mlezi hakuhitaji arobaini, kwa sababu daktari alikuwa ameshika mkono wenye vidole sita.

Mazikoni Mwajabu alikaa na wanawake jamvini. Alikuwa na maelezo. Mtoto alipata sindano moja, ya pili ikazuiwa, na mwenye sindano moja hana ngao. Angeipata Jumatatu, huenda ingewahi kumkinga, huenda isingewahi; hilo hata Mlezi hana jibu lake. Kuitwa hakukuhusika. Alijua hivyo kwa akili yake yote na angeweza kuapa.

Hidaya alimwangalia kwa macho makavu. "Ulimwita," akasema. "Akaitika."

Mwajabu alifungua mdomo. Bi Mwanahawa, aliyekuwa pembeni yake, akamminya goti, naye akaufunga.

*

Tangazo lilitoka wiki iliyofuata, na lilikuwa la kweli lote, kosa na chanzo chake. Droni zilishusha makasha ya baridi uwanjani. Redioni watu walimsifu Daktari Mwajabu kwa ujasiri, na wengine wakasema wameshachoka na hesabu zinazokufa na kufufuka. Msagazi walisikia habari moja tu, ya Makombo. Siku ya kuchanja, uwanja ulikuwa na mbuzi wengi kuliko watoto.

Mwajabu alikaa mezani na Hoza. Kasha la baridi lilikuwa limefungwa, likisubiri. Ndivyo lilivyotengenezwa, kwa usalama: halifunguki mpaka litajiwe jina la mtoto, ili kila tone lijulikane limeingia mwili gani, na madhara yakitokea yaonekane. Wazo lilikuwa la Mwajabu pia.

Saa za jioni Hidaya alikuja. Alimfungua mtoto mgongoni, akakaa, akaupandisha mkono wa gauni la mwanawe mpaka begani.

"Pole, Hidaya," akasema Mwajabu.

"Mchome."

Hoza akasogeza chombo. "Jina la mtoto, mama?"

"Hana."

"Si mlimwita..."

"Nimesema hana jina. Niliyekuwa naye mwenye jina nimemzika." Hakupandisha sauti. "Najua sindano haikumwua mwanangu, sikuja kubishana. Nataka mumchome huyu. Lakini hamtapata cha kumwitia."

Hoza alimtazama Mwajabu. Kasha liliwasha taa yake ndogo, linauliza. Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kanga ya mama yake, mate yanamtiririka, hana habari. Kanuni ilikuwa wazi: asiye na jina asichanjwe. Na Mwajabu, ambaye kwa ajili ya kumbukumbu safi aliukataa uongo uliokuwa na mabawa tayari, alijua kwamba akimdanganya Mlezi juu ya mtoto mmoja leo, hesabu yote ya bonde ina doa, na doa ameliweka yeye kwa kujua. Alijua pia kwamba Hidaya hatakuja mara ya pili.

Akainama karibu na kasha.

"Zuhura," akasema.

Hidaya aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu mazikoni. Kasha likafunguka. Mwajabu akachukua sindano, akafuta bega, akachoma. Mtoto alilia kidogo akanyamaza.

Hidaya alimfunga mwanawe mgongoni, akainuka, akaondoka bila kuaga na bila kushukuru. Alipita nyuma ya matangi, njia isiyopita mbele ya watu. Mezani chombo kikaandika kwa herufi za kijani kwamba Zuhura wa Msagazi, jinsia ya kike, amepata sindano ya kwanza, na kwamba familia imvishe njuga ndani ya siku arobaini, asije akahesabiwa vingine.